Kapiteni Joubert: mlei aliyeweka bunduki chini, akabaki

Ndugu vijana, tukitaja viongozi wa karne ya 19, fikra zetu hukimbilia watawala wa Ulaya na Marekani. Leo tutazame karibu, kusini mwa mji wetu wa Kalemie, huko Mpala na Mrumbi, alipoongoza mtu asiyekuwa mfalme wala padri: Kapiteni Léopold Joubert.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Akiwa kijana wa miaka 18 alipigana Castelfidardo katika jeshi la Papa. Mwaka 1880 Kardinali Lavigerie alimtuma Afrika ili awalinde Mapadri Weupe waliokuwa wakielekea Tanganyika. Mwaka 1887 alifika Mpala. Siku hizo misafara ya watumwa ilikuwa ikiteketeza vijiji na kuvusha mateka kwenda Ujiji. Joubert alifunza wenyeji kujilinda, akaamua mashauri, na waliotoroka minyororo wakapata kimbilio kwake. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakao, binti wa nchi hii.

Historia haituruhusu kumpamba kupita kiasi. Mamlaka yake hayakutoka kwa wenyeji. Yalitoka kwa wageni, yakasimama juu ya bunduki. Lavigerie mwenyewe aliwahi kuota ufalme wa Kikristo katika nchi hii ambayo tayari ilikuwa na watemi wake. Kisha mwishoni mwa mwaka 1891 Kapiteni Jacques alianzisha Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na Dola ya Kongo ikashika hatamu. Biashara ya watumwa ilikoma, lakini nira nyingine ikawekwa juu ya mabega ya wazee wetu.

Hapo ndipo Joubert anapotufundisha. Mamlaka yalipomtoka, hakurudi kwao kutafuta heshima. Alibaki na mke wake, watoto wake na majirani zake, akiwafundisha watu dini na kuwahudumia wagonjwa, hata alipofariki Misembe, karibu na Moba, mwaka 1927, mzee wa miaka 85.

Nasi tumewaona katika jimbo letu vijana wanaodhani kwamba asiye na silaha hana neno. Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu, akamwamuru Petro arudishe upanga alani. Tujiulize katika kikundi chetu: siku cheo kitakapotutoka, je, majirani watakuwa na sababu ya kututaka tubaki?