Imetulia, usiiguse: historia fupi ya viraka, kwa macho ya Chewele

Leo tuache kidogo kuandika programu, tuzungumzie swali ninaloulizwa kila nifikapo kwa jamaa zangu Chewele, kule Tana River: kompyuta inayofanya kazi vizuri, uisasishe au uiache ilivyo? Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. "Imetulia, usiiguse." (Wengine husema tarakilishi, wengine ngamizi. Mimi nimezoea kompyuta.)

Jibu hilo si la kijinga, lina historia yake.

Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows 2000 na XP. Wengi hawakukiweka. Siku 26 baadaye, tarehe 11 Agosti, mnyoo uitwao Blaster ukaanza kusambaa wenyewe mtandaoni bila mtu kubofya chochote, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha. Hapo watu wa usalama wakapata ushahidi wao.

Agosti 2004 ikatoka Service Pack 2 ya XP. Ilikuwa kazi nzuri: iliwasha fayawoli kwa kila mtu. Lakini fayawoli hiyo hiyo ilizuia programu zilizokuwa zikienda vizuri, na Microsoft wenyewe wakachapisha orodha ya karibu programu 50 zenye matatizo. Halafu ukubwa wake! Faili kamili ilikaribia MB 270. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikikimbia kwa kasi yake yote bila kukatika, hizo ni zaidi ya saa 10. Laini gani ya simu ilikimbia hivyo? Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilipitia setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Mtu wa Tana River aliyekataa kusasisha hakuwa mkaidi. Alikuwa anahesabu shilingi.

Ndipo ikazaliwa hoja ninayoisikia hadi leo: kompyuta yangu haina intaneti, mnyoo utapitia wapi? Hoja hiyo ilivunjwa na Conficker. Kiraka cha tundu lake kilitoka tarehe 23 Oktoba 2008, mnyoo ukaonekana Novemba, na toleo lake la pili, la Desemba, likajua kupanda flashi. Windows ilikuwa na desturi ya kusoma maagizo yaliyomo kwenye flashi na kukuuliza ufanye nini nayo. Conficker ukajivika picha ya folda katika orodha ile. Unadhani unafungua folda yako, kumbe unaukaribisha ndani. Sasa fikiria mahali ambapo barua, ripoti na mitihani hubebwa kwa flashi kutoka saiba za Garissa. Flashi ndiyo ilikuwa intaneti yetu! Microsoft ilikuja kusambaza sasisho la kuzima desturi hiyo katika XP na Vista Februari 2011, na kompyuta iliyoachwa "imetulia" haikulipata.

Kwa maoni yangu, waliolitatua jambo hili vizuri zaidi ni watu wa Debian. Katika toleo lao thabiti, programu kwa kawaida hukaa na toleo lile lile. Tundu likigunduliwa, kiraka kinashonwa juu ya toleo hilo la zamani. Unapata usalama bila kubadilishiwa sura. Ubuntu 6.06 ya Juni 2006 ilifuata njia hiyo, ikaahidi miaka 3 ya viraka kwa kompyuta za mezani, na Canonical ikawa inatuma CD za bure kwa posta hadi 2011. Ubaya wake ni kwamba unakaa na programu zilizopitwa.

Windows 10 ilifanya kinyume, ikawaletea watu wa kawaida vipengele vipya kwa lazima. Toleo la Oktoba 2018 lilifuta faili za baadhi ya watumiaji, likasimamishwa baada ya siku chache. Wale wa "usiiguse" walicheka. Lakini mwaka mmoja nyuma, Mei 2017, WannaCry ilikuwa imefunga faili za watu dunia nzima, siku 59 baada ya kiraka kutoka, na nyingi ya kompyuta hizo zilikuwa Windows 7 iliyokuwa bado inapewa viraka.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kule Chewele mbili tumezihamishia Debian. Orodha ya viraka hutoka kwa flashi, binamu yangu huvipakua Garissa kwa apt-offline, na mashine hukagua saini zake kabla ya kuviweka. Ya tatu, ya shemeji, imebaki na Windows 10 kwa sababu programu ya hesabu za duka haiendi kwingine. Hiyo tumeichomoa mtandaoni, flashi za wageni marufuku, na nakala ya hesabu hutolewa kila Ijumaa kwenye diski moja isiyochomekwa popote pengine.