Barua Iliyochanwa Ngomeni: Korea Kati ya Ming na Qing

Mwaka 1618 mfalme wa Korea alipokea ombi ambalo hakulitaka. China ya nasaba ya Ming ilihitaji askari wake. Ng'ambo ya mto Yalu, Nurhaci, kiongozi wa Wajurchen aliyejitangaza khan miaka miwili kabla, alikuwa ameuteka mji wa Fushun, na Beijing ilitaka kumtia adabu kabla hajaota mapembe zaidi.

Kukataa kulikuwa kugumu. Tangu 1392 ufalme wa Joseon, kama Korea ilivyoitwa, uliitambua Ming kuwa mkubwa wake. Ulipeleka wajumbe na tunu Beijing, ukafuata kalenda ya China, na mfalme mpya hakutulia kitini mpaka kaizari amwidhinishe. Juu ya hayo kulikuwa na deni. Wajapani walipoivamia Korea mwaka 1592, majeshi ya Ming yalivuka Yalu kusaidia kuwafukuza. Wasomi wa Seoul waliihesabu fadhila hiyo kama ya mzazi kwa mwana, nayo hailipiki.

Mfalme mwenyewe, Gwanghaegun, vita ile aliiona kwa macho yake. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alikabidhiwa sehemu ya serikali na kuzunguka mikoani kukusanya askari, huku baba yake akikimbilia mpakani. Alijua nchi inavyobaki baada ya majeshi ya wageni kupita. Kwa hiyo alisitasita, akatoa udhuru, na mwisho akapeleka askari karibu 13,000 chini ya jenerali Gang Hong-rip.

Mwaka 1619, katika vita vya Sarhu, Ming waligawa majeshi yao mafungu na Nurhaci akayapiga moja baada ya jingine. Maelfu ya Wakorea walikufa. Gang akajisalimisha pamoja na waliobaki. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama mfalme alikuwa amemnong'oneza afanye hivyo upepo ukigeuka. Lililo wazi ni mwenendo wake baadaye: Ming aliwapa maneno matamu, Wajurchen akawaandikia barua, na vita akakaa navyo mbali. Kwa miaka minne mbinu hiyo ilifanya kazi.

Siku hizi wapo wanaomsifu Gwanghaegun kama mwanadiplomasia aliyewazidi wenzake akili. Sifa hizo zina ukweli, lakini zinasahau mambo ya nyumbani. Katika utawala wake mdogo wake wa baba mmoja, Yeongchang, mtoto wa miaka isiyofika kumi, aliuawa, na malkia mjane, mama wa mtoto huyo, akafungiwa ndani ya jumba. Ujenzi wa majumba ya kifalme ukawalemea raia kwa kodi. Mwaka 1623 wapinzani wake walipompindua walikuwa na mashtaka tele, na kuisaliti Ming lilikuwa mojawapo tu.

Mfalme mpya, Injo, alishika kiti kwa jina la uaminifu kwa Ming, na jina hilo likamfunga mikono. Mwaka 1627 majeshi ya Wajurchen yaliingia kutoka kaskazini. Akakimbilia kisiwa cha Ganghwa na kukubali Korea iwe mdogo na wao wawe kaka. Mwaka 1636 Hong Taiji, mwana wa Nurhaci, alitangaza dola ya Qing na kujiita kaizari. Wajumbe wa Korea waliokuwapo kwenye sherehe huko Shenyang walikataa kumsujudia. Majira hayo hayo ya baridi, mto ukiwa barafu, wapanda farasi wake walivuka Yalu.

Walikuja mbio kiasi kwamba njia ya Ganghwa ilikatwa kabla mfalme hajatoka. Akageukia ngome ya Namhansanseong, milimani kusini-mashariki mwa Seoul, akazingirwa humo siku zaidi ya 40. Chakula kilipungua na askari wakaumwa na baridi ukutani. Ndani, mawaziri waligawanyika. Choe Myeong-gil aliandika barua ya kuomba amani. Kim Sang-heon akaichukua na kuichana huku akilia. Choe akainama, akaokota vipande na kuviunganisha, akasema nchi inawahitaji wote wawili, anayechana na anayeokota.

Ganghwa ilipoanguka, na familia ya mfalme ikawa mikononi mwa adui, ubishi ukaisha. Februari 1637 Injo aliteremka amevaa nguo ya buluu badala ya joho la kifalme, akafika Samjeondo kando ya mto Han. Mbele ya Hong Taiji alipiga magoti mara tatu, na kila mara akagusa ardhi kwa paji la uso mara tatu. Masharti yalikuwa makali: kuvunja uhusiano na Ming, kufuata kalenda ya Qing, kutoa askari, na kuwatoa wana wa mfalme kuwa mateka Shenyang. Maelfu ya raia walichukuliwa pia. Wanawake waliofanikiwa kurudi walikuta baadhi ya waume wakidai talaka kwa madai kwamba wamechafuliwa. Aliyepinga talaka hizo ni Choe yule yule, mtu ambaye wenzake walimwona hana aibu.

Kim na Choe walikutana tena, safari hii kifungoni Shenyang. Kim alipelekwa kwa ukaidi wake. Choe kwa kugundulika kwamba, baada ya kuandika barua ya kusalimu amri, aliwasiliana na Ming kwa siri. Waliachiwa 1645, mwaka mmoja baada ya kaizari wa mwisho wa Ming kujinyonga Beijing, waasi wakiwa wameuteka mji na majeshi ya Qing yakifuata nyuma yao.

Mmoja wa mateka wale wa kifalme alirudi akawa mfalme Hyojong. Akapanga kuivamia Qing kulipa kisasi, akafundisha askari wa bunduki. Bunduki hizo zilitumika kweli, mwaka 1654 na 1658, katika bonde la mto Amur dhidi ya Warusi, kwa ombi la Qing. Na mwaka 1704, Ming ikiwa imeanguka miaka 60 nyuma, mfalme Sukjong alijenga madhabahu katika jumba lake mjini Seoul kumheshimu kaizari wa Ming aliyetuma majeshi mwaka 1592. Ibada ikaendelea humo karibu miaka 200, huku wajumbe wa Korea wakipeleka tunu kwa Qing kila mwaka.