Sumaku ya Protoni na Maabara ya Hamburg

Wanafunzi wetu hapa Rusizi wamezoea kukikuta Kiswahili katika tenzi, sokoni na mpakani Bukavu. Wachache hutarajia kukikuta katika historia ya fizikia. Hebu tukijaribu huko.

Protoni ni chembe iliyomo katika kiini cha atomu, na kila moja ni sumaku ndogo mno. Hadi mwanzoni mwa 1933 wanafizikia wengi waliona hakuna haja ya kuipima nguvu ya sumaku hiyo. Nadharia ya Paul Dirac ilikwisha kusema kwamba ni kizio 1. Otto Stern wa Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, hakuridhika. Yeye na wenzake, Otto Frisch na Immanuel Estermann, walipitisha mkondo mwembamba wa molekuli za haidrojeni ndani ya ombwe, katikati ya ncha za sumaku zilizochongwa ili nguvu iwe kubwa upande mmoja kuliko mwingine. Mkondo ukapinda, tena kidogo sana, lakini kadiri ya kupinda huko ndiyo iliyotoa jibu: kati ya 2 na 3. Leo tunajua ni karibu 2.79. Kumbe protoni si chembe sahili. Ndani yake mna vitu vingine, ambavyo wataalamu walikuja kuviita kwaki katika miaka ya 1960.

Aprili ya mwaka huohuo serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Frisch na Estermann wakapoteza kazi. Stern, naye Myahudi, angeweza kubaki kwa kuwa alitumikia jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajiuzulu. (Msomaji wa Rwanda hahitaji kuelezwa sheria ya kupanga watu kwa asili yao huelekea wapi.) Tuzo ya Nobel ya 1943 ilimkuta Stern uhamishoni Marekani.

Isidor Rabi, aliyewahi kufanya kazi Hamburg, aliendeleza vipimo hivyo New York, akazigeuza sumaku hizo kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell wakafanya vivyo hivyo katika maji na nta. Mashine ya MRI hospitalini hufuata njia hiyo: hupokea ishara za protoni zilizomo katika maji ya mwili wa mgonjwa.

Tangu 2018 Kigali ina taasisi ya EAIFR, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako fizikia ya chembe hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa upande wetu, kiini, uga na ombwe tunayo tayari. Spini bado tunaazima.