Chuma cha Zamani, Ubongo Mpya: Karakana za Bonde la Kilombero

Shafti ya mashine ya kukoboa mpunga ikikatika Namawala wakati wa mavuno, magunia hupangana nje kuanzia asubuhi. Mwenye mashine huifungua, huifunga kwenye bodaboda na kuipeleka Ifakara kwa fundi mwenye kerezo. Huko fundi hupunguza chuma kidogo, akapima kwa kalipa, akapunguza tena, mpaka beringi iingie kwa kugongwa taratibu. Hakuna mchoro wala kompyuta. Kipimo ni ile shafti iliyokatika, iliyolazwa juu ya meza kando yake.

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga kando ya mbuga ya mafuriko ya mto Kilombero, na watafiti wa malaria wa nchi nyingi wanakijua kwa sababu ya mbu wake. Katika historia ya mitambo hakitajwi. Hata hivyo kipo katika bonde lililopata karakana nzito za vyuma mapema kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na historia ya karakana hizo inasaidia kujibu swali linaloulizwa leo kila mahali penye mashine zilizozeeka: chuma kikiwa kizima lakini kinachokiongoza kimekufa, mashine itupwe au ipewe ubongo mpya?

Moja ya karakana hizo ilizaliwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Mkataba wa kujenga reli ya TAZARA, ya kati ya Tanzania na Zambia, ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, na ujenzi ulianza rasmi mwaka 1970. Reli ya kilomita 1,860 haijengwi kwa kungoja kila kipuri kije kwa meli kutoka China. Malori yanavunja ekseli, mitambo ya kuchoronga miamba inamaliza meno, pampu zinapasuka. Wachina waliweka Mang'ula kambi kubwa yenye karakana ya kuchonga na kukarabati, na vijana wa Kitanzania walijifunza ufundi kwa kusimama kando ya mashine, mara nyingi mwalimu na mwanafunzi hawana lugha moja. Mkono ulionyesha, jicho likafuata. Reli ilipokabidhiwa Julai 1976, karakana ilibaki, ikawa kiwanda cha umma kilichoitwa Mang'ula Mechanical and Machine Tools.

Mashine za aina ile ziliendeshwa kwa mkono. Fundi alizungusha gurudumu, akasoma mistari iliyochorwa kwenye kola ya skrubu, akaamua. Umeme ulizungusha mota na basi. Ndiyo maana mashine kama hizo hudumu: ndani yake hamna kitu ambacho fundi hawezi kukifungua kwa spana.

Kaskazini zaidi, Kidatu, miwa ilikuwa imekwisha kuleta ufundi wake. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mapema miaka ya 1960, na kiwanda cha sukari ni shule ya vyuma. Masika yakiingia, miwa haisagwi. Ndipo mafundi hufungua kila kitu. Rola za kukamulia, mapande ya chuma yenye uzito wa tani kadhaa, hufungwa kwenye kerezo kubwa na mifereji yake iliyolika huchongwa upya, mfereji baada ya mfereji, ili msimu ukianza ziumane vizuri na miwa. Kazi hiyo hurudiwa kila mwaka.

TAZARA yenyewe ilitoa mfano mkubwa zaidi wa kubadilisha kiungo bila kutupa mwili. Vichwa vya kwanza vya treni vilitoka China, vya dizeli, vyenye kupitisha nguvu kwa haidroliki. Katika tambarare ya bonde vilikwenda. Taabu ilianzia Mlimba, ambako reli inaaga bonde na kupanda kuelekea Makambako, kipande chenye mengi ya mahandaki 22 ya njia nzima. Nguvu haikutosha. Miaka ya 1980 shirika lilinunua vichwa vya dizeli-umeme kutoka Ujerumani Magharibi, na baadhi ya vile vya Kichina vikang'olewa injini zake na kufungiwa injini za MTU za Kijerumani. Chasisi na magurudumu vilibaki vilevile. Abiria wa Ifakara aliona kichwa kilekile kikipita. Fundi alijua ndani kuna mtambo mwingine.

Mwili wa zamani wenye kiungo kipya si jambo la reli peke yake. Wengi hudhani mashine za CNC, yaani zinazoongozwa kwa namba na kompyuta, zilibuniwa mpya kabisa kiwandani. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta wa jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitafuta namna ya kuchonga maumbo yenye mipindo ambayo mkono hauwezi kuyafuata kwa usahihi. Jeshi la anga likatoa fedha mwaka 1949, na chuo cha MIT kikaingizwa katika kazi. Watafiti hawakujenga mashine. Walichukua Cincinnati Hydro-Tel, mashine ya milingi iliyokwisha kuwepo, wakaibadilisha, kisha wakaiunganisha na kabati za elektroniki zenye mamia ya valvu zilizosoma mkanda wa karatasi uliotobolewa. Mwaka 1952 ikaonyeshwa hadharani. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya ukoo huu ilikuwa mwili wa zamani uliofungiwa ubongo mpya, jambo ambalo yeyote anayetaka kuuza mashine kongwe kwa kilo angepaswa kulijua kwanza.

Afrika Mashariki njia mojawapo ya teknolojia hiyo ilikuwa ndoto ya gari. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer ilionyeshwa mwaka 1990, lakini haikufika sokoni. Kilichobaki na kuendelea ni ufundi: mwaka 1994 likaundwa shirika la Numerical Machining Complex, likafanya kazi katika eneo la karakana za reli Nairobi, likichonga vipuri kwa mashine zinazoongozwa kwa namba. Hapa pia karakana ya reli ndiyo iliyobeba hatua iliyofuata. Tanzania ilijaribu njia nyingine: kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa Hai, karibu na Moshi, kwa msaada wa Bulgaria, kiliunda kerezo na mashine nyingine za karakana kabla ya kudorora.

Kwa nini basi mashine ya CNC ya miaka ya 1980 hufa mapema kuliko kerezo la mkono la miaka ya 1960? Chuma cha kusubu cha mwili wake hakizeeki haraka. Kadiri miaka inavyopita hutulia na hakipindi tena. Kinachokufa ni kabati la pembeni. Kapasita hukauka. Kioo huzimika. Betri ndogo inayolinda kumbukumbu ikiisha wakati mashine imezimwa, vigezo vyote hufutika, na mashine ya tani tatu inasahau hata urefu wa meza yake. Umeme unaopanda na kushuka humaliza kilichobaki. Kipuri kikitafutwa, mtengenezaji anajibu kwamba aliacha kukitengeneza zamani.

Kuifufua huanza kwa kupima, na hapa fundi aliyelelewa na mashine za mkono ana thamani zaidi kuliko kijana anayejua kompyuta peke yake. Anabandika daiali geji, kipimo chenye sindano, kwenye meza, anazungusha skrubu kulia mpaka sindano itikisike, kisha anarudisha kushoto polepole. Skrubu inazunguka, sindano imesimama. Kile kipande cha mzunguko ambacho meza haijaitikia ndiyo pley, na ukubwa wake unaamua kama mwili unastahili gharama. Pley ikiwa ndogo, kazi inaendelea: kila waya hupigwa picha na kufungwa lebo kabla ya kukatwa, kabati la zamani hutolewa, mota nzima hubaki na mbovu hubadilishwa, vihisi vya kusoma mwendo hufungwa upya. Kitufe cha dharura hukata umeme kwa waya, si kwa amri ya programu, maana programu ikiganda kisu hakitajua.

Ubongo wenyewe siku hizi unaweza kuwa kompyuta ya kawaida. Miaka ya 1990 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika programu ya kuongoza mashine na kuiachia umma. Kizazi chake cha leo kinaitwa LinuxCNC na hakiuzwi. Kwa kawaida programu hiyo inauliza mara 1,000 kila sekunde meza iko wapi, inalinganisha na ilipotakiwa kuwa, na kusahihisha mota. Hata tatizo la vijijini la umeme wa njia moja lina jibu kwa mashine ya wastani: inveta inapokea njia moja na kutoa njia tatu kwa mota ya spindeli.

Bonde la Kilombero halijakosa umeme wa kuzalishwa tangu miaka ya 1970. Bwawa la Kidatu lilianza kuutoa mwaka 1975, Kihansi likafuata karibu na mwaka 2000, na nyaya za msongo mkubwa zikapita juu ya mashamba ya watu waliokoboa mpunga kwa dizeli. Umeme unapofika kijijini, wenye mashine nyingi hufanya lilelile: injini inafunguliwa, mota inafungwa, puli inabadilishwa ili mwendo ulingane, kinu kinabaki kilekile. Mtu aliyefanya hivyo anaelewa kwa vitendo kazi ya kubadilisha kidhibiti, ingawa hajawahi kuona CNC.

Kwa sababu hiyo mashine za aina ya zile za Mang'ula na Hai hazipaswi kupimwa kwa mizani ya vyuma chakavu kabla ya kupimwa kwa daiali geji. Zipo zitakazokutwa zimelika kabisa, na hizo ziende. Nyingine mwili wake ni mzima, nao ndio sehemu ya gharama kubwa na ngumu kuagiza. Orodha inahitajika: aina ya mashine, mwaka, hali ya njia za meza, pley ya kila skrubu. Ianze sasa, maana kijana wa miaka 20 aliyejifunza kuchonga wakati reli inaanza kujengwa ameshapita 70, na ndiye anayejua ni mashine ipi ilipinda ikishushwa, ipi iliwahi kubadilishwa skrubu, na ipi ilikuwa ikipewa kazi ya kipimo cha karibu kuliko zote.