Mlevi wa Jana, Mwenzi wa Leo



Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia ya kazi moja isiyo na joho wala cheti. Ni kazi ya mtu aliyewahi kutekwa na pombe au dawa za kulevya, akapata nafuu, kisha akaanza kutembea na mwingine ambaye bado anahangaika. Katika miradi ya afya mtu huyo huitwa mwelimishaji rika. Mimi nitamwita mwenzi, kwa kuwa jina hilo laeleza vema zaidi anachokifanya. Swali letu ni hili: kwa nini neno la mtu aliyeanguka husikika pale ambapo mahubiri, machozi ya mke na hata rungu la mgambo vimeshindwa?

Swali hili latuhusu sana sisi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Fedha ya kahawa huja kwa mkupuo baada ya mavuno, na fedha ya usipa yaweza kupatikana usiku mmoja na kwisha kabla ya jua kuzama. Kilabu kiko karibu na njia. Tena tusisahau kwamba katika nyumba zetu nyingi pombe ya kienyeji ndiyo inayolipa ada ya shule. Mama anayepika pombe na mama anayelia kwa ajili ya pombe mara nyingine ni mmoja. Serikali imejitahidi kwa njia yake. Gongo imekatazwa na sheria kwa miaka mingi, na tarehe 1 Machi 2017 pombe ya viroba ilipigwa marufuku nchini kote. Sheria yaweza kukiondoa kiroba dukani. Haiwezi kumpa mtu rafiki wa kukaa naye jioni ile ya kwanza asiyokunywa.

Wazee wa Kimatengo walikuwa na kitu kilichokaribia jambo hili. Ukoo uliishi katika ntambo wake, yaani mgongo wa mlima uliopakana na vijito, ukilima kwa ngolo. Watu wa ukoo huo walikuwa na sengu: walikusanyika kwa mzee, chakula kikaletwa kutoka katika nyumba mbalimbali, wakala pamoja. Hapo hapo penye chakula ndipo mambo ya kazi, ugomvi na tabia yalipozungumzwa. Kahawa ilipoenea kuanzia miaka ya 1920, kila mwenye shamba akapata fedha yake mwenyewe, vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 navyo vikawahamisha wengi, sengu ikafifia. Jina lake halikufa, hata hivyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikishirikiana na wataalamu kutoka Japani katika mradi ulioanza mwaka 1999, kilifanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, nao wakalifufua jina la sengu kwa kamati ya kusimamia maendeleo yao.

Sengu haikuwa tiba ya ulevi, wala tusiipambe kupita kiasi, kwani humo mzee alinena na kijana akasikiliza. Lakini ilibeba hekima moja kubwa. Aliyekosa alionywa akiwa na tonge mkononi. Hakufukuzwa kwanza ndipo aonywe.

Kanisa nalo lilikuwa na njia yake. Mwaka 1898, huko Dublin, padre Mjesuiti James Cullen alianzisha chama cha Mapainia wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambacho baadaye kilifika hata Afrika. Wanachama wake huahidi kutoonja kileo, na wengi wao si watu waliowahi kuwa walevi. Wanajinyima na kusali kwa ajili ya walio walevi. Ni sadaka njema, na matunda yake Mungu anayajua. Hata hivyo aliyejinyima alibaki ng'ambo moja ya mto, na mlevi ng'ambo ya pili. Palikosekana mtu wa kuvuka.

Mtu huyo alipatikana bila kutarajiwa. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa New York aliyefanya biashara ya hisa, alikuwa katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa hajaonja pombe tangu Desemba 1934. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, mfuko ulikuwa mtupu, na kutoka ukumbini alisikia sauti za watu katika baa. Alijua kwamba akiingia amekwisha. Basi akaiendea simu na kuanza kuwatafuta wachungaji wa mji huo, akiomba aonyeshwe mlevi mmoja wa kuzungumza naye. Tuliangalie vizuri ombi hilo: hakuomba mtu wa kumshauri yeye, aliomba mlevi mwenziwe. Jumapili ya tarehe 12 Mei alikutanishwa na Dkt. Robert Smith, daktari mpasuaji ambaye maisha yake yalikuwa yanabomoka. Daktari alikubali kukaa dakika kumi na tano tu kwa ajili ya heshima. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Wilson hakumhubiria. Alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe, na daktari akasikia habari zake zikitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Majuma machache baadaye daktari alianguka tena katika pombe. Wilson hakumwacha. Tarehe 10 Juni 1935 Dkt. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayokumbukwa kama mwanzo wa ushirika wa walevi waliopata nafuu, ambao leo umeenea duniani. Wawili hao mara moja wakaenda hospitalini kumtafuta wa tatu.

Hapa Kanisa linarudi katika habari hii, kwa mkono wa sista mmoja. Sista Ignatia, mzaliwa wa Ireland, alihudumu katika dawati la kupokea wagonjwa la hospitali ya Mtakatifu Thoma mjini Akron. Wakati huo hospitali nyingi hazikutaka walevi; walionekana kuwa wakorofi wasiolipa. Mwezi Agosti 1939 alimpokea mgonjwa wa Dkt. Smith na kumwandika kuwa ana ugonjwa wa tumbo. Daktari aliomba mgonjwa huyo awekwe mahali pa faragha, ili wenzi wapate kumtembelea na kuzungumza naye. Chumba hakikuwepo, hivyo sista akasukuma kitanda hadi katika chumba kidogo walimopangia maua ya wagonjwa. Katika miaka iliyofuata maelfu walipita mikononi mwake. Alipomuaga mgonjwa alimpa nishani ndogo ya Moyo Mtakatifu, akimtaka airudishe kwake kabla ya kunywa tena. Sista hakuwahi kuwa mlevi, wala hakujifanya mwenzi. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia wenzi mlango.

Afrika Mashariki nayo imeionja hekima hii, hasa tangu heroini ilipoingia katika miji ya pwani kuanzia miaka ya 1980. Malindi, Kenya, Mradi wa Omari ulianza mwaka 1995. Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, zilifunguliwa nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi, zikiongozwa na watu waliotoka katika dawa wenyewe. Humo Waislamu wa Unguja wanatembea katika hatua zile zile zilizoanzia Akron. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni. Dawa ni ya daktari, lakini wa kwenda maskani kumtafuta kijana na kumshawishi aje mara nyingi huwa ni yule anayeijua maskani.

Wapendwa, historia hii inatufundisha pia mipaka. Kwanza, mwenzi si daktari. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatiza ghafla aweza kutetemeka, kupatwa na degedege, hata kufa; huyo apelekwe hospitali, iwe Litembo, Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, na mwenzi aende naye. Pili, mwenzi si padre wa kitubio, lakini anayoambiwa hayapeleki kilabuni wala jumuiyani. Tatu, mwenzi naye awe na mwenzi wake, kwa maana mwenye kovu aweza kujeruhiwa tena. Kwa sababu hiyo tusimchukue mtu aliyeacha pombe mwezi uliopita na kumsimamisha mbele ya waamini atoe ushuhuda. Tunampigia makofi Dominika, na Jumatatu anapoanguka hathubutu kurudi kwa walewale waliompigia makofi.

Mtakumbuka kwamba Bwana alimwambia Petro, hata kabla hajamkana, kwamba akisharudi awatie nguvu ndugu zake. Kuanguka kwake hakukumwondolea kazi. Kulimfanya ajue anasema na nani.

Basi nasi tunazo jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Zinakutana nyumba kwa nyumba, kama sengu ilivyokutana katika ntambo. Lakini tujiulize kwa ukweli: katika sherehe zetu za kipaimara na ndoa, mtu anayejaribu kuacha hupewa nini anapofika? Mara nyingi glasi hujazwa kabla hajaketi, na akikataa huulizwa kwa sauti kubwa kama ameokoka au anaumwa. Hapo jumuiya inavunja kwa dakika moja kile ambacho mwenzi amejenga kwa miezi mitatu.

Sista Ignatia hakuwa na wodi; alikuwa na chumba cha maua. Sisi twaweza kuanza na kidogo kuliko hicho. Katika sherehe ijayo liwepo sufuria la togwa lisilo na mzaha, na pembeni yake viti viwili: kimoja cha aliyeacha zamani, kingine cha aliyeacha jana. Waacheni wazungumze, wala msiwaulize wanazungumza nini.

Nawatakieni juma jema. Mungu awabariki.