Kupanga matokeo, kuuza mechi

Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaichapa JKT Oljoro 7-0. Timu moja tu ndiyo ingepanda Ligi Kuu, na hesabu ilikuwa imefika kwenye tofauti ya mabao. Aprili, Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikaziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo, ikazishusha daraja. Iliyopanda ni Mbao FC ya Mwanza. Msimu uliofuata Mbao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1. Timu ya namna hiyo ndiyo ilikuwa inadhulumiwa.

“Kupanga matokeo” ni istilahi ya kanuni za soka: watu wanapatana mechi iishe vipi kabla haijachezwa. Jukwaani kwenye uwanja wa Kirumba, Mwanza, utasikia zaidi “wameuza mechi”, na mimi naona mshabiki huyo yuko karibu zaidi na sheria ya nchi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimfungi mtu kwa sababu ya mabao manane. Kifungu cha 15 kinatafuta hongo: wakala aliyepokea au kuahidiwa manufaa ili atende, au aache kutenda, jambo linalomhusu anayemtumikia. Kipa akilipwa ili aruke mpira ukiwa umeshapita, yeye ndiye wakala, na klabu yake ndiyo iliyosalitiwa. Adhabu iliyowekwa ni faini ya Sh500,000 hadi Sh1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na thamani ya nafasi ya Ligi Kuu.

Hapo ndipo istilahi zinapoachana. Timu ikimwachia jirani mechi kwa urafiki tu, bila senti kupita, imepanga matokeo lakini haijauza. TFF itaishusha daraja. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haina hongo ya kupeleka mahakamani.

Marekani ina sheria ya hongo ya michezo tangu 1964, kifungo hadi miaka 5. Afrika Kusini iliyapa mashindano ya michezo kifungu chake katika sheria ya rushwa ya 2004. Nasi tuandike chetu, na kiseme “shindano la hadhara”, si “mechi” peke yake, ili mbio za mitumbwi ziwani nazo ziwemo. Ngoma za tamasha la Bulabo la Wasukuma kule Bujora zina kinga yake: vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindania umati, na anayetaka kuununua ushindi itabidi awahonge watazamaji wenyewe.