Sotoka Ilipoishia

Kwetu Embu, ukitaja Mbuga ya Meru, mtu atakupa stori ya Elsa, yule simba wa akina Adamson. Sawa, Elsa ana heshima yake. Lakini mbuga hiyo ina stori kubwa zaidi: ndipo sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilipothibitishwa mara ya mwisho duniani. Ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati.

Sotoka haikuwa mchezo. Virusi vyake ni ndugu wa vile vya surua. Miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na mfugaji akipoteza ng'ombe amepoteza chakula, mahari na jina. Chanjo ya kutegemewa ilikuja baadaye, kazi ya Walter Plowright na wenzake hapa hapa Muguga, nje ya Nairobi.

Chanjo pekee haikutosha. Kufikia miaka ya 1990, virusi vilikuwa bado vimejificha kwenye malisho ya Wasomali, kuanzia kaskazini mashariki mwa Kenya hadi Somalia. Vitabu vilisema sotoka humaliza zizi. Huku ng'ombe walitokwa machozi, wakaharisha, na wengi wakapona. Daktari wa mifugo angeshuku nini? Maabara nayo iko mbali.

Wafugaji walikuwa wanaona. Basi wataalamu, akiwemo Jeffrey Mariner kutoka Marekani, wakaketi nao chini. Huu ugonjwa mnauitaje? Ulipita lini? Wafugaji wakagawa kokoto mafungu kuonyesha upi unasumbua zaidi, wakachora njia za kuhama. Maelezo yao yakaonyesha mahali pa kwenda kupima. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na serikali za Afrika, Umoja wa Ulaya na FAO.

Mwaka 2011, dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui. Plowright alishapewa tuzo yake mwaka 1999. Wale wa kokoto, majina yao huyasikii.

Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu leo tunahimizwa turipoti magonjwa kwa simu, halafu kimya. Mama mwenye mbuzi watatu kule Mbeere akisikia wanakohoa, yeye ndiye mtaalamu wa kwanza kufika. Akiripoti, asionekane mshamba. Na majibu yakitoka, apigiwe simu aambiwe ni nini kilichopatikana.